Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Mimi siwapendi watu wanaosema "jikaze". Nalisema hili mapema ili mjue mnasikiliza maneno ya nani. Mtu kafiwa na mumewe, kakaa eda yote ndani, katoka, karudi kwenye cherehani yake, halafu anapita mteja mwenye mkoba mpya, anainama na kusema, "Pole dada, jikaze." Akaze nini tena? Sitara alikuwa amekaza kila kinachokazika mwilini mwake. Shingo ilikaza, mdomo ulikaza, hata vidole vilivyosukuma kitambaa chini ya sindano vilikaza. Kama kukaza kungekuwa dawa, angekuwa mzima kuliko sisi wote.

Naitwa Mgeni. Nauza vitambaa vya mapazia Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo, kwenye fremu ya chini katika ghorofa la mzee Champaklal. Sitara ndiye anayeshona. Mteja anachagua kitambaa kwangu, anageuka upande wa pili anampa Sitara vipimo vya dirisha, kesho yake anarudi kuchukua pazia. Tumefanya kazi hivyo miaka mingi, na katika miaka hiyo nilimzoea mumewe pia, Mwinyimvua, kwa sababu haikuwezekana kutomzoea. Alikuwa kuli bandarini, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, mshabiki wa timu ya Jangwani asiyekubali kwamba imefungwa hata kama watoto wa mtaa mzima wanaimba matokeo. Zamu yake ikiisha alikuja kumchukua mkewe, anakaa juu ya marobota yangu bila kuombwa, anaanza kutupa habari ambazo hatukumwuliza. Nilimfukuza kila jioni na kila jioni alirudi. Siku moja alianguka kazini, ikasemekana ni presha, na hakufika hospitali akiwa hai.

Sasa, sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Asiyejua utani wa msibani nimweleze kidogo. Mtani akija kwenye msiba wako hakai kwenye mkeka akainamisha kichwa. Anachukua nguo ya marehemu anaivaa, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai chakula, anawatukana wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Watu waliolia tangu alfajiri wanacheka, na wakishacheka wanalia vizuri zaidi. Ndivyo babu zetu walivyozikana, na wengine wetu tunaendelea hivyohivyo mpaka leo.

Mwinyimvua alikuwa na mtani wake wa kufa na kuzikana, Eliasi, Mnyamwezi wa Urambo, kuli mwenzake. Siku ya msiba, kule Buguruni, Eliasi alifika, akachukua kofia ya marehemu akaivaa, akaanza. Sisi wanawake tulikuwa ndani tumemzunguka Sitara. Tulisikia sauti inaanza huko nje, watu wawili watatu wakacheka, halafu kimya. Abdulmalik, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amemvua Eliasi ile kofia, amemshika mkono na kumtoa mpaka barabarani. Alisema nyumba yake ina msiba, si uwanja wa wapumbavu.

Abdulmalik si mtu mbaya, na inaniuma kulisema hilo. Baba yao alipokufa, yeye alikuwa bado mdogo na ndiye aliyemlea Mwinyimvua. Ni mtu wa dini, mtu wa heshima, na kwa akili yake heshima ni kunyamaza. Kwa hiyo msiba wote tulinyamaza. Tulimzika Mwinyimvua, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, kimya kabisa.

Sitara alipotoka eda akarudi kazini, watu walimsifu. Kazi yake ilikuwa safi, mishono imenyooka, salamu anaitikia, anamshukuru Mungu. Wakasema amepoa. Mimi niliyekaa naye kutwa niliona mengine. Chakula alikigusa tu. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Na mtu yeyote akitaja jina la Mwinyimvua, Sitara alisimamisha cherehani na kubadilisha uzi, hata kama uzi haujaisha. Basi tukaacha kulitaja. Tulidhani tunamsaidia.

Jumanne moja, akiwa anapima pazia la mteja wa Magomeni, aliniambia bila kuinua kichwa kwamba Jumamosi shemeji yake Abdulmalik atakuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kuchukua cherehani. Anaacha kazi. Anakwenda Kisarawe kwa kaka yake mwenyewe, kupumzika.

Nilichemka. Nawajua wanawake wanaokwenda kupumzika. Wanapewa chumba cha uani, wanaletewa chai, hakuna anayewahitaji kwa jambo lolote, na baada ya muda unaambiwa fulani siku hizi haongei sana. Sitara ana mikono inayotafutwa mpaka Mbezi, na bado hajafika hata umri wa kuitwa bibi. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Aliniacha nimalize. Kisha akaitoa miguu kwenye cherehani na kunitazama.

"Dada Mgeni, sauti yake imenitoka," alisema.

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayekiri kosa polisi. Uso wa mumewe anauona. Mikono yake anaiona, hata harufu ya grisi kwenye shati lake la kazi anaisikia. Lakini sauti imepotea tangu siku ile ya msiba. Mwinyimvua alikuwa na kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu, hakuwahi kurekodi neno. Kuna video moja ya harusi ya binamu yake, humo anaonekana amefungua mdomo anaongea, lakini kinachosikika ni kinanda.

"Nimelala na mtu ubavuni miaka yote hiyo, leo sauti yake siijui. Kila jioni nikikaa hapa naisubiri pale mlangoni, haiji. Mimi ni mke wa namna gani? Afadhali niende mahali ambapo hakuna mlango wa kusubiria."

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu niliinuka nikatoka nje. Nilikwenda kununua machungwa ambayo sikuyataka.

Kesho yake akaja Vidhi, mjukuu wa mzee Champaklal. Binti huyu tumemwona tangu anavaa sare za shule. Sasa ni mshauri nasaha hospitali, kazi yake ni kuwasikiliza watu waliozidiwa na mambo. Aliniamkia shikamoo kama kawaida, akasema anataka pazia la chumba chake cha kazi, lisiwe na maua. Sitara alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri, basi nikammwagia Vidhi yote.

Hakunipa hotuba, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Aliniuliza kama Sitara amewahi kulia. Nikasema mimi sijamwona. Akauliza kama kuna mtu anayemzungumzia mumewe mbele yake. Si kifo chake, bali yeye mwenyewe, alivyokuwa, vituko vyake. Nikafikiri. Hakuna. Sote tulikuwa tunalizunguka jina lile kama shimo la barabarani.

"Hajaisahau, mama," Vidhi alisema. "Anaizuia bila kujua, maana ikija itakuja na kilio chote. Mkimwambia ajikaze mnamsaidia kuizuia. Mpeni nafasi ya kumlilia. Ila lolote mtakalofanya, mwulizeni yeye kwanza."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Eliasi na ile kofia. Nikamsimulia Vidhi habari za utani na jinsi mtani alivyofukuzwa. Alisikiliza mpaka akasahau kitambaa mkononi, kisha akaniuliza kwa nini mtu akatae jambo kama hilo. Nilimwambia akamwulize Abdulmalik, mimi nimeshachoka.

Sitara aliporudi nikamwuliza, waziwazi, bila kuzunguka. Nikamwambia nataka kumleta Eliasi hapa fremuni aje afanye alichokatazwa, lakini akisema hapana, basi itakuwa hapana na sitalitaja tena. Alikaa. Akachukua mkasi, akauweka, akauchukua tena.

"Siku ile nilimsikia anaanza," alisema mwishowe. "Halafu wakamkatiza. Mpaka leo nasikiliza amalizie."

Kisha akaniuliza shemeji atasemaje. Nikamwambia shemeji mwachie mimi, ingawa sikujua nitamfanya nini.

Alhamisi nilikwenda bandarini, nikasimama nje ya geti kati ya malori na mawakala wa forodha wenye makabrasha kwapani. Eliasi alitoka zamu yake akiwa amejaa vumbi la saruji, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa. Utani una njia yake ya kufungua mazungumzo, kwa hiyo nikaanza kwa kumwuliza anafanya nini huku, maana mizigo ya babu yake mpagazi bado ipo Bagamoyo inamsubiri aje aibebe. Akanijibu kwamba Wazaramo tumshukuru huyo babu yake, yeye alibeba mizigo wakati wa kwetu wanacheza ngoma huku nguruwe wanamaliza mihogo. Akaongeza kwamba mimi nafanya biashara kwenye mtaa wenye jina la kabila lake na sijamlipa kodi. Tukacheka wote wawili. Lakini nilipomwambia nilichokifuata, kicheko kilimwisha.

Alikataa. Alisema Mwinyimvua alikuwa mtu wake, wamekula sahani moja kwa miaka, na alikuja kumlilia kwa namna anayoijua yeye. Akatolewa mbele ya watu kama mwizi wa viatu msikitini. Mtani akishafukuzwa, harudi kupiga hodi.

"Wewe hupigi hodi," nikamwambia. "Mfiwa mwenyewe anakuita. Au unataka nikuletee machela ubebwe, kama Mjerumani?"

Eliasi aligeukia malori, akajifuta uso kwa mkono. Nilidhani ni vumbi la saruji, na huenda lilikuwa ni hilo kweli. Kisha akauliza tu kama Jumamosi asubuhi inafaa.

Jumamosi alifika kabla soko halijachangamka. Sitara alikuwa amekuja na mfuko, ndani mna shati la kazi la mumewe na ile kofia. Alimkabidhi Eliasi mkono kwa mkono. Eliasi akavaa. Shati lilimzidi, likamning'inia, basi akatazama huku na huku, akachukua lesi yangu nyeupe, ile ya bei mbaya kuliko zote dukani, akaikunjakunja na kuisokomeza ndani ya shati kuwa tumbo. Nilinyamaza. Wanaonijua watajua hilo lilinigharimu nini. Akatoka nje, akajificha kidogo ukutani.

Halafu akaingia. Akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, tumbo mbele, akakohoa mara mbili.

"Kwa mujibu wangu mimi," alisema.

Mwinyimvua hakuwahi kusema jambo lolote bila kutanguliza maneno hayo. Hata kuomba chumvi, alianza na kwa mujibu wangu mimi. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, na hapo nikaona kwamba na mimi nilikuwa nimemfukia mtu yule kwa haraka mno.

"Kwa mujibu wangu mimi, Bi Mkubwa, jua limeshachoka na wewe bado unashona. Hao wenye madirisha wamekosa nini wakilala bila pazia siku moja? Na huyu Mgeni ndiye anayekuharibu. Ananifukuza kila siku kwa sababu anajua nikikaa sana nitamwoa."

Mwinyimvua alimwita mkewe Bi Mkubwa ingawa hapakuwa na bi mdogo. Alipenda kusema anaogopa kuongeza mke kwa kuwa huyu mmoja tayari ana mkasi. Eliasi hakuacha kitu. Akajitupa juu ya marobota yangu, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta, akaanza kumlaani refa wa mechi ambayo hakuna anayeikumbuka. Akaonja machungwa yangu na kulalamika kwamba ni makali huku anachukua la pili. Sauti ilikuwa ileile, nzito, inayopanda mwishoni kama mtu anayeuliza hata asipouliza.

Nilimtazama Sitara. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. Kisha kicheko kikageuka katikati, bila kupumzika, na kilio kikatoka. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Alilia kwa sauti, akamwita mumewe kwa jina, akamwambia maneno ya kumlaumu kwa kuondoka bila kuaga. Wapita njia walianza kusimama, nikavuta pazia la mlangoni. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha. Eliasi, naye machozi yamemjaa, alinyamaza akataka kuvua kofia. Sitara akamwashiria aendelee. Akaendelea, akicheka na kulia, akisimulia siku Mwinyimvua alipolala juu ya kontena na kontena likapakiwa kwenye lori naye yuko juu yake, akaamka Ubungo.

Tulipokuwa bado tunaicheka ile ya Ubungo, pazia la mlangoni likasogea. Alikuwa Abdulmalik, kanzu nyeupe, amekuja kuchukua cherehani. Sijui alisimama pale nje tangu saa ngapi. Eliasi aliruka kutoka kwenye marobota, akavua kofia akaishika kifuani, lesi yangu inaning'inia nje ya shati. Mimi nilikuwa nimeyaweka akiba maneno ya kumwambia Abdulmalik tangu siku ya msiba na nikaona leo ndiyo leo. Lakini nilipomtazama usoni, hayakutoka.

"Nimemsikia toka barabarani," alisema. "Nikadhani..."

Hakumaliza. Aliingia, akakaa mahali Eliasi alipotoka, juu ya robota, akaweka mikono magotini. Nje mtu wa maji baridi alipita anatangaza maji yake. Mwishowe Abdulmalik akamwuliza Eliasi, bila kumtazama, huko kazini ndugu yake alikuwa anamsemaje yeye. Alitaka kusikia kwa sauti ileile.

Eliasi alinitazama mimi, akamtazama Sitara. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, lakini niliona hawezi kumtungia marehemu jambo kama hilo.

"Kazini hakukutaja, mzee," alisema kwa upole. "Samahani."

Abdulmalik aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Alijua mwenyewe jinsi alivyoishi na mdogo wake, amri na makaripio mpaka ukubwani. Akainuka, akasema basi, tupakie, dereva anasubiri. Akashika upande mmoja wa meza ya cherehani.

Ndipo mtu akakohoa, mara mbili.

Nilimgeukia Eliasi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Kwa mujibu wangu mimi, Bi Mkubwa," sauti ilisema, na ilikuwa inatoka kwa Sitara. Ilikuwa nyembamba kidogo na imechoka kwa kulia, lakini ilikuwa yake Mwinyimvua, inapanda mwishoni vilevile. "Kaka akinigombeza usimnunie kwa niaba yangu. Yule alikula ukoko ili mimi nipate wali. Mwache agombeze mpaka achoke, halafu mpe chai."

Abdulmalik hakuinua ile meza. Alibaki ameinama, kaishika, kisha akaweka paji la uso juu yake, palepale penye vipande vya nyuzi, akalia. Mtu mzima na kanzu yake, mchana kweupe, katikati ya Kariakoo. Eliasi alimwendea akamshika bega, na Abdulmalik hakuuondoa mkono ule. Dereva alipopiga honi nje kuuliza mzigo uko wapi, yeye mwenyewe, bila kuinua kichwa, ndiye aliyeniambia nimwambie aende zake.

Niliporudi ndani, Sitara alikuwa amejishika koo kwa vidole, anameza mate taratibu, kama anayekagua kama ile sauti bado imo. Ilikuwamo. Akamsogezea shemeji yake kiti na kuanza kumsimulia mengine aliyosema ndugu yake.